Hewa ya sayari ambayo hakuna aliyeifikia hujulikanaje?

Swali: Shikamoo Daktari. Nimemaliza kidato cha sita na kwa sasa namsaidia mjomba wangu, nahodha wa mashua ya dagaa hapa Sahare, Tanga, kuweka hesabu za mauzo. Juzi nilimsomea habari kwamba darubini imeikuta hewa ya kaboni dioksaidi kwenye sayari inayozunguka nyota nyingine, umbali wa miaka 700 ya nuru. Akanijibu kwamba hewa ya mahali huijua aliyefika akaivuta, na kwamba hao wataalamu hawajaiona hata sayari yenyewe. Sikuwa na la kumjibu. Je, amekosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mfikishie mjomba wako salamu zangu, na kabla ya lolote umwambie kwamba katika maneno yake mawili, moja ni la kweli kabisa. Sayari uliyomsomea, ambayo jina lake ni WASP-39b, haijawahi kuonekana kwa jicho wala kwa darubini yoyote. Haina picha. Michoro ya rangi inayoambatana na habari za namna hiyo huchorwa na wasanii, na mimi huona ni kosa kuichapisha bila kusema hivyo, maana humfanya msomaji adhani ameonyeshwa kitu kilichoonekana. Neno lake la pili, kwamba hewa ya mahali huijua aliyefika tu, silikubali, na sababu zangu nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa swali hilo ndilo kiini cha kazi niliyoifanya maisha yangu yote tangu nilipoondoka Chumbageni kwenda kusoma.

Kwa nini sayari hizo hazionekani, nahodha ataelewa upesi kuliko watu wengi. Mwezi ukiwa mpevu, mashua za dagaa hupumzika pwani, kwa sababu mbalamwezi huifanya karabai ikose nguvu: taa ni ile ile, lakini mwanga mkubwa umeumeza mdogo. Sayari haina mwanga wa kwake. Huangazwa na nyota yake na kurudisha sehemu ndogo mno ya kile ilichopewa. Mtu anayelitazama jua letu kutoka kwenye nyota nyingine angelikuta linang'aa kuliko Dunia kiasi cha mara bilioni 10, na vyote viwili vimesogeleana kama vitu vilivyobandikwa pamoja. Zipo sayari chache zilizopigwa picha kweli, kama zile zinazoizunguka nyota HR 8799, ambazo picha zake zilitangazwa mwaka 2008, lakini hizo ni kubwa, changa, bado zina joto la kuumbwa kwake, na zimekaa mbali sana na nyota yao. Zilizobaki, na idadi yote sasa imepita 6,000, karibu zote zimejulikana kwa lile ambalo sayari huifanyia nyota yake.

Jambo la kwanza ambalo sayari huifanyia nyota ni kuiyumbisha. Mtu mzima anapomshika mtoto mikono yote miwili na kumzungusha, yeye mwenyewe hawezi kusimama wima palepale. Hulazimika kuegemea nyuma na kuzunguka kidogo. Nyota nayo huzungushwa hivyo na sayari yake, na inapotukaribia rangi za nuru yake husogea kidogo upande wa bluu, inapotuacha husogea upande wa nyekundu, kama vile honi ya basi inavyosikika nyembamba likija na nzito likishapita. Kwa njia hiyo Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence nchini Ufaransa, walitangaza mwaka 1995 kwamba nyota 51 Pegasi inayumbishwa na sayari yenye uzito wa karibu nusu ya Mshtarii, inayoizunguka kwa siku 4 na saa chache tu. Mwaka 2019 walishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Mwendo walioupima haukufika mita 60 kwa sekunde. Dunia yetu hulivuta jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayetambaa, na hiyo ndiyo sababu sayari ndogo kama yetu bado ni ngumu mno kuipata kwa njia hii.

Jambo la pili ni kuikinga nyota. Ikitokea kwamba njia ya sayari inapita baina yetu na nyota yake, kila inapopita nuru ya nyota hupungua kwa saa kadhaa, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Mwaka 1999 nyota HD 209458 ilipimwa ikififia kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, tena kwa wakati uleule ambao kuyumba kwake kulikuwa kumetabiri. Kufifia huko hutupa ukubwa wa sayari, kuyumba hutupa uzito wake, na vikishapatikana vyote viwili tunajua kama tunashughulika na mpira wa gesi au na mwamba. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009 na kuzimwa mwaka 2018, iliwekwa kuzitazama nyota zaidi ya 150,000 kwa pamoja ili kusubiri vivuli vya namna hiyo tu, na ikaleta sayari zaidi ya 2,600. Ilibidi nyota ziwe nyingi kiasi hicho kwa sababu njia za sayari zimelala kila upande: katika majirani 200 walio sawa na jua na Dunia, wastani ni mmoja tu ambaye sayari yake ingepita mbele ya nyota tukaiona ikifanya hivyo. Na hata huyo mmoja, nuru yake ingepungua kwa sehemu 84 katika milioni.

Hadi hapa hatujagusa hewa, na huenda nahodha atakubali kwamba kivuli kinaweza kumfunza mtu ukubwa wa kitu asichokiona. Basi tuje kwenye hewa yenyewe. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na kwa aliyekuwa na anga safi ulionekana Tanga ukigeuka mwekundu kama shaba iliyofifia. Dunia ilikuwa imesimama katikati ya jua na mwezi. Kama Dunia isingekuwa na hewa, mwezi ungezama katika giza kabisa. Haukuzama, kwa sababu nuru kidogo ya jua ilipenya kwenye ukingo wa hewa inayoizunguka Dunia, ikapinda, ikaufikia mwezi. Na katika kupita huko rangi ya bluu ilitawanywa njiani, nyekundu ikasalia. Ni wekundu uleule ambao nahodha huuona jua linapochomoza baharini, ila usiku ule ulikuwa wekundu wa macheo na machweo yote ya Dunia kwa wakati mmoja, umemwagwa juu ya mwezi. Kwa maneno mengine, mtu aliyeutazama mwezi ule kutoka ufukweni alikuwa akiitazama hewa ya Dunia kwa kupitia nuru iliyoipenya. Enric Pallé na wenzake walifanya hivyo kwa vipimo wakati mwezi ulipopatwa Agosti 2008: waliichambua nuru iliyorudi kutoka mwezini, wakakuta humo alama za oksijeni, ozoni, mvuke wa maji, kaboni dioksaidi na methani, yaani hewa yetu hii tunayovuta.

Alama hizo ni nini? Nyumbani kwetu Tanga, ambako mashamba ya chumvi yako kandokando ya mikoko, karibu kila mpishi amewahi kuona chumvi ikimwagika motoni na mwali ukageuka wa njano kwa ghafla. Njano ile ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na haibadiliki: sodiamu ya Tanga, ya Ulaya na ya kwenye nyota hutoa njano ileile. Ikiwa gesi ya sodiamu imekaa mbele ya taa kali, mambo hugeuka. Badala ya kutoa njano hiyo huinyonya, na katika upinde wa rangi za taa huonekana mstari mweusi mahali pale pale njano ilipopaswa kuwa. Kila gesi ina mistari yake, mingine katika rangi zinazoonekana, mingine, na hii ndiyo mingi, katika nuru ya infraredi ambayo jicho haliioni ingawa ngozi huihisi kama joto. Upinde huo wa rangi uliopimwa kwa makini, pamoja na mistari yake, ndio tunaouita spektra. Mwaka 2002 David Charbonneau na wenzake, kwa darubini ya Hubble, walionyesha kwamba sayari ya HD 209458 inapopita mbele ya nyota yake, nuru hupungua zaidi kidogo katika ile njano ya sodiamu kuliko katika rangi za jirani. Maana yake ni kwamba katika rangi hiyo sayari huonekana nene zaidi, kwa kuwa ukingo wake umezungukwa na gesi inayoinyonya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa hewa ya sayari ya nyota nyingine kupimwa.

Nahodha ataniambia: haya yote ni maneno yenu wenyewe, nani aliyekwenda kuyahakikisha? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo ninalopenda kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu mara moja tulikwenda. Zuhura, ile nyota ya alfajiri ambayo katika baadhi ya miezi humtangulia jua mashua zinaporudi, ni sayari iliyofunikwa mawingu meupe pande zote. Mwaka 1932 Walter Adams na Theodore Dunham, wakiwa kwenye darubini ya Mount Wilson huko California, waliichambua nuru yake wakakuta alama za kaboni dioksaidi nyingi sana. Hakuna aliyekuwa amefika. Miaka 35 baadaye, mwezi Oktoba 1967, chombo cha Kisovieti kilichoitwa Venera 4 kiliingia ndani ya hewa hiyo, kikaipima kwa vifaa vyake, na kikakuta ni kaboni dioksaidi kwa zaidi ya asilimia 90. Nuru ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, ambao wenzangu hawausimulii mara nyingi kama inavyostahili. Katika miaka hiyohiyo baina ya 1932 na 1967, walikuwapo wanasayansi wenye heshima waliotetea hoja kwamba chini ya mawingu ya Zuhura kuna bahari kila mahali. Ukweli ni kwamba uso wa Zuhura una joto la nyuzi 460 hivi za Selsiasi, na hewa yake hukandamiza mara 90 kuliko yetu. Hivyo kilichopimwa kilithibitika, na kilichoongezwa juu ya kipimo kilianguka. Tangu nilipouelewa utengano huo, kila nipokeapo habari ya hewa ya sayari mpya huanza kwa kuuliza ni wapi kipimo kinakoma na ni wapi maelezo ya mtu yanaanza, na ningependa wewe nawe uzisome habari hizo kwa jicho hilo.

Tuitazame kwa jicho hilo ile uliyomsomea mjomba. WASP-39b ina uzito unaokaribia wa Zohali, lakini imevimba kuliko Mshtarii kwa sababu ya joto la nyuzi kama 900, kwani huizunguka nyota yake kwa siku 4 tu. Uvimbe huo ni bahati yetu: hewa iliyotanuka hutoa ukingo mpana wa kupenyezea nuru. Darubini ya James Webb, yenye kioo cha upana wa mita 6.5 na iliyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, iliielekea mwezi Julai 2022, na katika infraredi ya mikromita 4.3, ambapo kaboni dioksaidi hunyonya kwa nguvu, sayari ilionekana nene zaidi kwa kiasi ambacho hakikuacha nafasi ya shaka. Alama ilikuwa dhahiri kwenye takwimu, tena mahali ambapo maabara zilikuwa zimetabiri. Baadaye mwaka huohuo ilipatikana pia salfa dioksaidi, ambayo ilielezwa kuwa huundwa pale nuru ya nyota inapovunja na kuunganisha upya kemikali za hewani, kama nuru ya jua inavyotutengenezea ozoni. Hapa kipimo kinasimama chenyewe. Mwambie mjomba kwamba katika hili nitaweka jina langu bila kusita.

Si kila sayari iliyo tayari kusema. Iko moja ambayo sisi wa Afrika Mashariki tungeijua zaidi, kwa kuwa jina lake rasmi lilipendekezwa kutoka Kenya: Enaiposha, neno la Kimaa lenye maana ya maji mengi kama ya ziwa au bahari, na nyota yake huitwa Orkaria. Iligunduliwa mwaka 2009 kwa darubini ndogo zenye vioo vya sentimita 40, na iko karibu, miaka 48 hivi ya nuru. Hubble iliitazama ikipita mbele ya nyota zaidi ya mara 10, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalikuwa mstari ulionyooka: katika kila rangi, unene uleule. Sayari imefunikwa ukungu mzito wa juu kabisa ambao haupitishi nuru, kama ule unaozificha safu za Usambara asubuhi za masika. Jina lake la maji ni zuri na ninalipenda, ila ni jina. Bado si kipimo.

Nyingine husema jambo ambalo hatukulitarajia kwa furaha. Nyota ndogo nyekundu TRAPPIST-1, miaka 40 ya nuru kutoka hapa, ina sayari 7 zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, na udogo wa nyota yenyewe hufanya vivuli vyao viwe vikubwa, karibu asilimia 0.7 badala ya zile sehemu 84 katika milioni. Mwaka 2023 James Webb ilipima joto la mbili zilizo karibu zaidi na nyota, kwa kulinganisha nuru ya pamoja kabla sayari haijajificha nyuma ya nyota na baada ya kujificha. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi 230 hivi upande wa mchana, joto ambalo mwamba mtupu ungekuwa nalo. Hewa nene ingelisambaza joto hilo hadi upande wa usiku. Ya pili nayo haina hewa nzito ya kaboni dioksaidi mfano wa Zuhura. Nyota za aina hiyo hulipuka mara kwa mara na huenda zimezipuliza hewa za sayari zilizo jirani nazo. Tena zina madoa usoni ambayo yenyewe hubeba mvuke wa maji, kwa hiyo mtu asipokuwa mwangalifu huweza kuihesabia sayari maji ambayo ni ya nyota.

Halafu ipo K2-18b, na hapa ndipo ninapomwomba nahodha aendelee na ukali wake. Ni sayari yenye uzito zaidi ya mara 8 ya Dunia, umbali wa miaka 124 ya nuru. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Hubble imeikuta na mvuke wa maji. Mwaka 2023 James Webb, yenye macho makali zaidi, ilionyesha methani na kaboni dioksaidi, na ile alama iliyosomwa kama maji ikaonekana kuwa huenda ilikuwa ya methani tangu awali. Mwezi Aprili 2025 watafiti wa Cambridge wakatangaza dalili za gesi iitwayo dimethaili salfaidi, na magazeti yakaandika juu ya uhai. Gesi hiyo mjomba anaijua kwa pua: ni sehemu ya ile harufu ya bahari inayompokea mtu anaposhuka Sahare, na hapa duniani sehemu yake kubwa hutokana na viumbe vidogo vinavyoelea majini. Lakini dalili zenyewe zilikuwa na nafasi ya takriban 3 katika 1,000 ya kutokea kwa bahati tu, ambapo sisi kwa desturi hatuiti kitu ugunduzi mpaka nafasi hiyo iwe chini ya 1 katika milioni. Wengine waliochambua takwimu zilezile kwa njia nyingine hawakuikuta gesi hiyo kwa uhakika. Tena gesi hiyohiyo imegunduliwa kwenye kimondo chenye mkia, mahali pasipo na bahari wala kiumbe. Kwa hiyo methani na kaboni dioksaidi za K2-18b ninazikubali. Harufu ya bahari sijaikubali. Na uhai, kwa ushahidi uliopo, ni zile bahari za Zuhura tulizoambiwa zamani.

Ili mjomba asilazimike kuniamini kwa maneno matupu, chukua sahani ya CD ya zamani, iweke usiku karibu na karabai inayowaka, na uigeuzegeuze mpaka uone rangi: zitafuatana bila pengo, kutoka nyekundu hadi zambarau. Kisha ifanyie hivyo balbu ya ile aina ya bomba la mzunguko iliyokuwa ikiuzwa kama ya kubana umeme. Utaona vipande vya rangi vilivyoachana, kwa kuwa ndani yake mna mvuke wa zebaki na unga unaong'aa, na kila kimoja hutoa rangi zake tu. Mtu aliyeziona taa mbili hizo kwa mbali, bila kuzishika wala kuzifungua, anaweza kusema ipi ni ipi.

Na kama atataka kuiona hewa yenyewe, mwezi utapatwa wote tena jioni ya tarehe 31 Desemba 2028, na katikati ya tukio itakuwa karibu saa mbili usiku kwa saa zetu. Mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo mashua itakuwa pwani na nahodha atakuwa na nafasi. Aangalie ukingo wa kivuli kinapokaribia kuufunika mwezi wote: pembeni mwa wekundu huwa kuna utepe mwembamba wa rangi ya bluu, ambao ni nuru iliyopita juu kabisa katika hewa yetu, kwenye tabaka la ozoni.